Nahodha Tuliyemwacha Mwaloni

Kaka yangu alianza kuhara damu siku tuliyopakia chumvi. Tulipofika kwenye mwalo wa wavuvi, kaskazini ya rasi, alikuwa hawezi tena kushika kasia. Mashua ilikuwa ya tajiri wa Ujiji, lakini majini tajiri ni nahodha, na sisi wapiga makasia tulikuwa watu wake. Mimi nilikuwa mgeni wa kazi. Nilikuwa nimetoka shule, na kaka ndiye aliyeniombea nafasi.

Hospitali ya misheni ilikuwa Karema, upande wa pili wa rasi. Nahodha hakutaka kuondoka. Alikuwa amenunua dagaa kwa biashara yake mwenyewe, wameanikwa mchangani, na mawingu hayakuwaacha wakauke.

"Bwana nahodha, huyu mtu anakwisha," alisema mpiga kasia wa mbele, mtu mzima mwenye mvi ambaye wenzake walimsikiliza.

"Mimi mganga? Mpeni uji. Wewe mwenyewe uliharisha tulipotoka Kirando, tukakunusa mpaka Kasanga, mbona hukufa?"

Wavuvi walicheka. Kaka naye alijaribu kucheka, akashika tumbo.

Jioni tulikaa kwenye moto. Dagaa walikuwa bado wabichi. Mwenye mvi akaniambia, "Hebu mtoto wa shule, kile kisa cha mwalimu wako."

Nilikuwa nimewahi kumsimulia kaka, naye akawasimulia wao. Kilikuwa kisa cha mabaharia wa Kiingereza wa zamani sana, wa merikebu za tanga, ambao nahodha wao aliwatukana kila siku mpaka wakamfunga kamba, wakamshusha kwenye mashua ndogo, wakaichukua merikebu. Nilikisimulia nikiangalia makaa, maana sijazoea kusema mbele ya watu.

"Kisha wakafanya nini?"

"Wakaenda zao visiwani."

Kisa kilikuwa kinaendelea, lakini wao walikuwa wameanza kunong'onezana, na mimi si mtu wa kuingilia maneno ya wakubwa.

Asubuhi nahodha alikuwa ameshuka, anapiga mswaki. Wenzangu walimlaza kaka juu ya magunia ya chumvi, kisha wakashusha sanduku la nahodha, mkeka wake na birika lake, wakaviweka mchangani kwa adabu kama mizigo ya mgeni.

"Nyie, mnaniacha?"

"Tunakuacha na dagaa wako," mwenye mvi alijibu. "Wakikauka utaondoka."

Nahodha alinigeukia. "Hata wewe, bubu?" Hilo ndilo jina alilonipa tangu siku ya kwanza.

Niliisukuma mashua, nikapanda. Tulitazamia atatukimbilia majini, lakini alitema mate tu, akaketi juu ya sanduku lake.

"Haya, nendeni. Jiwe litawauliza nani kawatuma."

Kwenye ile rasi lipo jiwe linaloingia ziwani, na chini yake maji hugeuka bila taarifa. Hakuna chombo kinachopita pale bila kutupa unga wa ulezi. Unga ule hautupwi na mtu yeyote tu. Nahodha hupewa kibuyu na nahodha aliyemtangulia, mbele ya wazee wa rasi, na ni yeye peke yake anayesimama, akalitaja jiwe na kutupa. Hayo sote tuliyajua. Lakini asubuhi ile kila mmoja alikuwa akimfikiria mgonjwa na kufurahia uso wa nahodha, na hakuna aliyelisema.

Tuliliona jiwe jua likiwa utosini. Maji yalikuwa shwari. Makasia yalianza kupungua nguvu, kisha yakasimama moja baada ya jingine.

"Nani anatupa?" aliuliza mmoja.

Kibuyu kilikuwa kimening'inia karibu na usukani. Walimtazama mwenye mvi, naye akawa anatazama miguu yake. Kaka aliomba maji. Nilimnywesha. Mdomo wake ulikuwa umepasuka, na yale maji hayakukaa.

Nikainuka, nikakishika kibuyu. Nilibatizwa, na mikono yangu ilikuwa mizima; niliona unga ni unga. Mwenye mvi alinikamata mkono.

"Umepewa na nani?"

"Kaka atakufa," nilisema.

"Sema kwa sauti!"

Sikuweza kusema kwa sauti. Hata ile ya kwanza ilinitoka kwa shida.

"Ukitupa wewe, tutakufa wote na yeye," alisema, akakichukua kibuyu polepole kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Kisha akageuza usukani. Hakuna aliyebisha. Waliokataa kupita jiwe walipiga makasia kurudi kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona asubuhi.

Nahodha tulimkuta juu ya sanduku lile lile. Hakututukana. Alisema tu, "Pakieni dagaa," tukapakia, wakiwa na unyevu wao, naye akala kwanza, akapumzika. Tuliondoka kesho yake. Kwenye jiwe alisimama, akasema maneno yake, akatupa unga, tukapita. Kaka alikufa tukikaribia Ikola. Nahodha alimfunika kwa shuka lake mwenyewe, akatuambia tuendelee kupiga.

Tulimzika Karema. Nahodha alitushtaki barazani, tukachapwa viboko, na tukaambiwa hakuna chombo kitakachotuchukua tena. Tulipokuwa tumelala kifudifudi kivulini, migongo ikiwaka, mwenye mvi aliniuliza, "Wale mabaharia wa mwalimu wako, mwisho wao nini?"

"Nahodha alifika kwao akiwa hai. Wakatafutwa. Wengine walinyongwa."

"Basi sisi tumepona," alisema. Kisha nadhani alikumbuka kwamba anayemsikiliza ni ndugu wa marehemu, akageuza uso.

Nilipanda kwa miguu mpaka Mpanda, na sasa napakia mawe ya madini ya risasi kwenye mabehewa. Mama yetu yuko Kabungu. Hajawahi kuliona ziwa. Nilipokwenda kumpa habari alikuwa anamenya karanga, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Unga si mlikuwa nao?" aliuliza.

"Tulikuwa nao, mama."

"Na wewe ulikishika kibuyu?"

"Nilikishika."

Aliendelea kumenya karanga, na mpaka leo hajaniuliza neno jingine juu ya safari ile.