Mashine Aliyonichagulia Shemeji

Baba alikuwa mpiga picha Bukavu, na kitu chake pekee nilichovuka nacho mpaka ni kopo la maziwa ya unga lenye filamu zake. Filamu pana, za mraba, za kamera ya zamani. Moja ina mama yangu. Picha yake nyingine hakuna duniani. Binti yangu alipoanza kuuliza bibi yake alifananaje, nikageuza jiko letu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, kuwa chumba cha giza: blanketi dirishani, mabeseni, dawa, taa nyekundu. Ikabaki mashine ya kukuzia picha.

Mume wangu akasema mwanamke hanunui mashine peke yake, nifuatane na mdogo wake. Huyo shemeji hajawahi kushika filamu maishani. Ana simu tu.

Chilinde, huko mjini, kwa fundi wa redio, Mrundi aliyetoka kambini siku nyingi, zilikuwepo mbili. Moja nyeusi, imechubuka, kichwa kikubwa kama sufuria ya nsima, ugali wa huku. Nyingine nyembamba, inang'aa. Kitindamimba wangu akichezea redio, nikafungua mahali pa kuweka filamu kwenye ile nyeusi. Papana.

"Hii," nikasema.

Shemeji akacheka. "Shemeji, weye unataka kupigia picha ao kupikia?"

"Ile ingine ni ya filamu ndogo. Filamu ya baba haiingie."

"Mama, achia banaume," fundi akasema bila kuniangalia. "Weye chunga mutoto, atanivunjia redio."

Wakapatana wao wawili. Mimi nilibeba mtoto mgongoni, na shemeji akaipakata ile ya kung'aa njia nzima kama bibi harusi.

Nyumbani nikamweka mama kwenye mashine. Likatokea bega moja na kifungo cha blauzi. Nikasogeza filamu: sikio. Nikasogeza tena: kidevu. Nikamwita shemeji aje aone alichochagua. Akaja na sahani yake.

"Si ukate filamu kidogo, itaingia."

Nimkate mama yangu. Alisema hivyo huku mdomo umejaa chakula changu.

Kesho yake sikumwomba mtu ruhusa. Nilimwachia shemeji mtoto, nikapanda minibasi na mashine yake. Fundi akachungulia nyuma yangu.

"Mwanaume iko wapi?"

"Iko nyumba. Anachunga mutoto."

Juu ya ile nyeusi walikuwa wameweka vikombe vya chai. Nikavishusha mwenyewe, nikaiacha ya kung'aa mahali pake.

"Tulishapatana na shemeji yako," akasema.

"Basi umupigie simu, mupatane tena."

Siku hiyohiyo mama alitokea ndani ya beseni, polepole, uso mzima, masikio yote mawili. Mlango ukagongwa. Mtoto alikuwa analia huko nje.

"Shemeji, fungua kidogo. Na mi niangalie."

Anajua mwanga unaharibu karatasi ya picha. Nilishamwambia asubuhi.

"Mubembeleze," nikasema.