Mama Ngazi na uzi usiotaka kubanwa

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatano, ngazi ya alumini imeegemezwa ukutani, na mwanamke mfupi mwenye mkanda wa vifaa kiunoni amesimama kwenye kipandio cha tisa. Skrubu mbili amezibana kwa midomo. Mkono wa kushoto umeshika ukingo wa paa, na wa kulia unang'oa waya wa televisheni alioufunga mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita.

Chini yake, mama mwenye nyumba anamtazama kwa aibu, kama mtu aliyeacha kununua dukani kwa jirani.

"Usinichukie, dada," anasema. "Ni hawa watoto. Wao wanatazama kwenye simu, baba yao kwenye kompyuta. King'amuzi kimebaki kukalia kitambaa tu."

"Sina chuki, mama. Kazi ni kazi," fundi anajibu, sauti ikipita kwa taabu kati ya skrubu.

Kisha anaingiza mkono chini ya paa na kutoa kitanzi cha waya, mizunguko minne iliyolalishwa vizuri na kufungwa kwa utepe wa bluu. Anakitazama kidogo kabla ya kukitupa kwenye gunia. Mafundi wengine hutumia utepe mweusi. Wa bluu ni wake.

Katika mitaa anayofanyia kazi wanamwita Mama Ngazi, na jina hilo amelizoea kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ana miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na minane ameingiza televisheni ya kebo kwenye sebule za watu, na anajua nani ana mbwa mkali na nani ana paa bovu asilotaka kulisema.

Siku hizi anazitoa. Wateja wamehamia kwenye intaneti, ambako mtu hulipia filamu na michezo anayoitaka na kuitazama saa anayoitaka. Wiki iliyopita Mama Ngazi alipewa kazi kumi na moja, na tisa kati yake zilikuwa za kung'oa. Mafundi hulipwa kwa kazi, na malipo ya kung'oa ni theluthi moja tu ya malipo ya kufunga.

"Ngazi ni ileile, na kuanguka ni kulekule," anasema akicheka. "Ila nikianguka nikiwa nang'oa, nimeanguka kwa bei ya chini."

Anacheka sana, huyu mama. Ukikaa naye nusu saa unagundua kwamba hucheka zaidi pale penye hofu.

Na hofu anayo. Kampuni yake nayo imeamua kuuza intaneti, na mwisho wa mwezi huu tawi lao lenye mafundi sita litabaki na watatu, wale watakaofaulu jaribio la kufunga nyuzi za kioo, ambazo wao huziita faiba. Wawili wameshafaulu. Imebaki nafasi moja kwa watu wanne, na kila mtu hupewa majaribio mawili tu. Mama Ngazi alishindwa la kwanza jana. La pili, na la mwisho, ni kesho Alhamisi, saa nne asubuhi.

Kilichomwangusha ni kile kitanzi.

Tangu alipoanza kazi, Mama Ngazi hajawahi kufunga waya bila kuacha kipande cha ziada mwishoni, akakizungusha, akakibana na kukificha chini ya paa au nyuma ya kabati. Panya akila waya, au mwenye nyumba akitaka kuhamisha televisheni upande wa pili wa sebule, fundi hahitaji kuanza upya. Anafungua kitanzi na kuvuta. Mafundi wengi huona uvivu kufanya hivyo.

"Akiba haiozi," anasema. "Waya usio na akiba ni kazi ya fundi mpita njia. Mimi nikitoka kwenye nyumba ya mtu, nataka nikirudi nisione aibu."

Jana, mbele ya mkaguzi aliyetoka makao makuu, alifanya kila kitu sawasawa. Alipitisha uzi ukutani, akausafisha ncha, akaunganisha. Kifaa cha kupokea intaneti kikawaka taa ya kijani. Mkaguzi akaanza kuandika kwenye karatasi yake. Hapo ndipo mikono ya Mama Ngazi, bila kumuuliza mwenyewe, ikachukua uzi uliobaki, ikauzungusha mara nne na kuubana kwa utepe wa bluu. Kwa kuwa uzi ni mwembamba kuliko waya, ukabanika hata zaidi, mduara mdogo kama bangili ya mtoto.

Taa ikageuka nyekundu.

"Nikadhani umeme umekatika," anakumbuka. "Nikaangalia juu, balbu inawaka. Yule kijana mkaguzi akaniambia, 'Mama, umeukaba.' Nikamuuliza, nimemkaba nani?"

Mkaguzi alimweleza kwa upole. Ndani ya uzi huo hupita mwanga, na mwanga haukati kona kali. Ukiubana uzi, mwanga unapotelea njiani na nyumba nzima inakosa intaneti. Akiba inaruhusiwa, ila iachwe pana na legevu. Kisha akaandika alama ya kufeli, kwa sababu kanuni ni kanuni.

Mama Ngazi anasema alilia ndani ya gari la kazi, huku amefunga vioo. Hakulilia kufeli. Alililia ile akiba, kazi yake nzuri kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyomponza.

"Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka, na wananikunja hivyo hivyo," anasema. Safari hii hacheki.

Saa nane mchana yuko nyumbani kwake, vyumba viwili na sebule. Mumewe ni kinyozi na yuko kibandani kwake hadi jioni. Mapato ya kiti kimoja cha kunyolea hayatoshi kodi na karo ya mtoto aliye bweni, jambo ambalo wote wawili wanalijua na hakuna anayelisema. Leo asubuhi, kabla ya kutoka, alimwambia mkewe, "Ukishindwa, tutaongeza kiti cha pili, nikufundishe kunyoa." Alikusudia kumfariji. Mama Ngazi alikuwa hajalala vizuri, na neno hilo halikusaidia.

Sebuleni amekaa mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sabini na tisa, rimoti mapajani. Kila siku saa kumi kasoro robo hutazama tamthilia kwenye chaneli namba ishirini na saba. Namba hiyo imeandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa mgongoni mwa rimoti, kwa mwandiko wa Mama Ngazi. Nyumba ya fundi wa kebo ndiyo pekee mtaani ambayo bado ina kebo.

Lakini uzi mpya umeshafika kwenye nguzo ya mtaa, na msimamizi wa tawi amemruhusu kuufunga kwake ili afanye mazoezi. Mama Ngazi anaegemeza ngazi kwenye ukuta wake mwenyewe. Mwandishi wa habari hii anapewa kazi ya kuishika.

"Hapa ndipo nilipojifunzia," anasema akiwa juu. "Waya wangu wa kwanza kabisa. Niliuharibu mara tatu."

Anauvuta. Kitanzi kinatoka na vumbi la miaka kumi na minane, na utepe wake umepauka hadi rangi ya bluu haitambuliki tena. Ndani, televisheni inanyamaza.

"Wewe!" sauti ya mama mkwe inatoka dirishani. "Mbona giza? Na tamthilia yangu?"

"Inakuja kwa njia nyingine, mama. Nivumilie."

"Njia gani? Namba yake ngapi?"

"Haina namba."

"Kitu kisicho na namba nitakipataje?"

Mama Ngazi anashuka. Swali hilo anasema amelisikia kwenye nyumba nyingi za wazee mwezi huu, na ndilo linalompa matumaini kidogo. Akipata ile nafasi moja, amepanga kurudi kwenye kila nyumba yenye mzee ambako aling'oa kebo, aketi naye sebuleni, amwonyeshe kwa kidole pa kubonyeza. "Hawa vijana wanafunga na kuondoka. Mimi wateja wangu nawajua hadi kochi wanalokalia."

Lakini kwanza mikono ikubali. Anaingia jikoni na kurudi na kifuniko cha sufuria ya wali. Amegundua kwamba akizungusha uzi kwenye kifuniko hicho, unapata upana anaoutaka mkaguzi. Anaunganisha, anazungusha, anaachia. Taa ya kijani. Kidole chake kinatafuta utepe mfukoni, na anakipiga kofi kwa mkono mwingine.

"Kichwa kilielewa tangu jana," anasema. "Mbishi ni mkono."

Anabomoa, anarudia. Mara ya pili mkono unabana na taa inakuwa nyekundu. Mara ya tatu kijani. Mara ya nne kijani, na kwenye televisheni kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha picha inatokea, safi kuliko ilivyowahi kuwa. Mama Ngazi anabonyeza mara mbili tatu, na tamthilia inaanza.

Mama mkwe anasogea mbele. "Kumbe huyu ana chunjua," anasema kuhusu mwigizaji aliyemtazama miaka minne.

Fundi wetu haangalii picha. Anaangalia taa, kisha mikono yake. Anainama na kuchomoa uzi. Sebule inakuwa kimya tena.

"Si ilishaonyesha? Unabomoa nini tena?"

"Nabomoa, mama. Kesho hawatanipa mara nne. Watanipa moja. Na kesho sitakuwa na kifuniko."

Saa ya ukutani inaonyesha saa kumi kasoro dakika tano, na tamthilia ndiyo hiyo inapita. Mama mkwe anaweka rimoti kando, anajivuta kutoka kwenye kochi, anaokota kifuniko na kukificha nyuma ya mgongo wake.

"Haya," anasema. "Zungusha bila hiki. Mimi natazama taa."

Mama Ngazi anafumba macho na kuanza upya.