Kalamu ya Upepo ya Fundi Natanaeli

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika stesheni ya Same nimevaa viatu vya kaka yangu, na Bwana Inspekta wa Simu akaniambia nivivue nipande nguzo. Hakuniuliza hata jina. Nikapanda, upepo wa Same ukanitikisa huko juu kama shati kwenye kamba, nikashuka magoti yamechubuka, naye akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba nitafaa. Nyinyi mnaoulizwa maswali na watu watatu mezani kabla ya kuajiriwa mtacheka. Wakati wa Mwingereza, mtu wa Bombo aliyeteremka mlimani kutafuta kazi hakuwa na la kuchagua.

Kazi yenyewe ilikuwa kutunza waya za simu za reli. Kwanza nilifundishwa kulehemu, yaani kuunga waya kwa risasi iliyoyeyuka. Umeme wa kuchezea hatukuwa nao. Chuma cha kulehemia kilikuwa kichwa cha shaba chenye mpini wa mti, unakichomeka kwenye jiko la mkaa mpaka kiive, kisha unaunga upesi kabla hakijapoa. Popote nilipotumwa nilikwenda na jiko langu dogo, na watu wa stesheni wakanitania kwamba mimi ni mpishi niliyepotea njia.

Aliyenipokea ni Fundi Natanaeli, mpaka rangi wa reli, mtu wa Myamba, kwa hiyo mlimani tulikuwa majirani. Alikuwa makamo ya baba yangu. Alinipa kona katika chumba chake cha kota za reli, akanipikia makande, akanikataza pombe ya wanywaji wa mjini. Kila mwisho wa mwezi tulipanda lori linalozunguka upande wa pili wa milima, likatushusha tambarare, na kutoka hapo tukakwea kwa miguu. Mimi kijana ndiye niliyeachwa nyuma. Yeye alinisubiri kwenye kona, mikono kiunoni, akauliza kama nimeshalala na kuamka. Kule juu alikuwa na mkewe, mama Nakunda, na nyumba ya mawe aliyoijenga kidogo kidogo. Mtu huyu hakupenda kitu duniani kama kuingia nyumbani kwake akiwa anatembea, ametoka jasho, na baridi ya mlimani ikimpiga usoni.

Ndipo akaletwa Bwana Injinia mpya. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo mapema. Alikuwa mpweke, na wapweke wenye cheo hutafuta la kufanya. Alitaka kujenga reli ndogo juu ya meza, treni zinazokwenda kwa umeme, na nyuma yake milima yetu ya Upare. Alisema ingewafundisha watu wa kubadili njia za treni bila kuhatarisha mabehewa. Pia kulikuwa na mkubwa fulani wa kutoka Dar es Salaam ambaye angepita Same, naye Bwana alitaka amwonyeshe. Tukapewa chumba kando ya bohari ya mizigo. Mimi nikapewa waya, Natanaeli akapewa rangi.

Kwa watakaojaribu kazi hii, nitaeleza nilivyofanya. Treni ya mezani hupata umeme wa betri kupitia reli zenyewe: reli moja inapeleka, ya pili inarudisha. Mataruma, yaani vipande vinavyolaliwa na reli, yawe ya mti mkavu, la sivyo umeme unavuja. Usitegemee viungo vya reli kupitisha umeme, kwa maana vikilegea treni inazubaa katikati ya njia, basi unapitisha waya chini ya meza na kuulehemu kwenye kila kipande. Ugumu uko pale njia inapozunguka na kujirudia. Reli ya kushoto inakuja kukutana na ya kulia, umeme unajigonga, na betri zinachemka. Nilikata reli pande zote mbili, nikatia vipande vya pembe ya ng'ombe kwenye mianya, nikaweka swichi ya kugeuza. Treni ilipopita pale bila kusita, Bwana Injinia alinipa mkono, na nakiri nilivimba kichwa.

Rangi ilikuwa na shida yake, na shida hiyo jina lake ni Same. Mnaujua upepo wa pale. Mchana unapita katikati ya milima umebeba vumbi jekundu, nalo linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Behewa la kweli likipata punje ya mchanga kwenye rangi, haionekani. Behewa la urefu wa kiganja likipata punje hiyo, ni kama abiria amekaa juu ya paa. Natanaeli alianza na rangi ya mafuta. Inang'aa vizuri, haina ukali, lakini inachelewa kukauka, na kila jioni alikuta vumbi limeganda juu yake. Alikwangua, akapaka upya, akakwangua tena. Siku za mgeni zikakaribia.

Bwana Injinia akaleta kutoka Tanga makopo ya rangi ya selulosi, pamoja na kifaa chembamba cha kupulizia ambacho sisi tulikiita kalamu ya upepo. Ina kikombe kidogo cha rangi na mpira unaoleta hewa kutoka kwenye tangi tulilolijaza kwa pampu ya matairi. Rangi ile unaichanganya na dawa yake mpaka idondoke kama maziwa mabichi, si kama mtindi. Ikipulizwa inakauka kabla hujamaliza kuisifu, na vumbi halipati nafasi ya kushika. Ila mvuke wake ulikuwa mzito, wenye harufu tamu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na ulishika moto kwa cheche tu.

Bwana alituambia wazi kwamba tufungue madirisha. Natanaeli akamjibu kwamba madirisha yakifunguliwa vumbi linaingia, na kwamba yeye hatatoa kazi yenye vumbi kwa mgeni wala kwa mwenyeji. Bwana alitazama saa yake, akasema fundi ndiye anayejua. Basi Natanaeli akaziba madirisha kwa magunia yaliyoloweshwa, akajifunga kitambaa puani, akajifungia ndani. Kila siku aliletewa maziwa, kwa sababu wakati ule wote tuliamini, wazungu kwa weusi, kwamba maziwa huosha kifua.

Mimi sikuruhusiwa kuwa chumbani naye. Jiko langu la mkaa lingetulipua sote wawili. Kwa hiyo asubuhi madirisha yalikuwa wazi nami nikalehemu, na mchana nikatoka na jiko langu, naye akaingia na kalamu yake. Ni moto wangu ulionitoa mle ndani, si akili. Nimeshukuru kwa jambo hilo maisha yangu yote, na shukrani hiyo haijawahi kuwa tamu.

Kazi yake ilikuwa nzuri, hilo lazima niseme. Alinifundisha kwamba kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa, hivyo wekundu wa mabehewa aliuchanganya na nyeupe kidogo ili macho yaone wekundu ule ule tunaouona stesheni. Milima aliipulizia kijivu na udongo upande wa Same, kwa kuwa mvua huko ni ya kuombwa, na kijani kizito upande wa kwetu. Hakuna mgeni ambaye angeuona upande huo, maana uliegemea ukuta. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Nikipaka hapa nakuwa nyumbani," alisema, na akaanza kukohoa.

Mgeni alikuja. Treni ilizunguka mara chache, akauliza kama inapiga honi, akaambiwa haipigi, akaenda kunywa chai.

Mwisho wa mwezi ule tulipanda kwetu kama kawaida, na kwa mara ya kwanza nilimsubiri mimi kwenye kona. Nilitaka kumtania, lakini nilipomwona ameshika mti akitafuta pumzi, utani uliniisha. Mwezi uliofuata tuliishia njiani, akasema ni mafua. Halafu akaanza kusema lori limejaa, au kazi ni nyingi, na mama Nakunda akawa ndiye anayeteremka. Daktari wa reli alimpima kifua akampa dawa ya kikohozi. Bwana Injinia alihamishwa, na aliyemfuata, Bwana mwingine asiyependa michezo, aliamuru meza ivunjwe na chumba kirudi kuwa bohari. Mimi nikapelekwa Korogwe, kisha Tanga.

Niliporudi Same nikiwa msimamizi wa waya, nilimkuta kwenye chumba kilekile, amekonda, ameketi mlangoni akiangalia milima. Hata mlima aliouona haukuwa wa kwao. Kwao kulikuwa nyuma ya mlima huo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jiko?"

Tulicheka, naye cheko lilimkaba. Nikamwambia nitatafuta watu wambebe mpaka Myamba. Alikataa kwa hasira. Alisema mtu anayebebwa mlimani ni maiti au mzungu. Nilimwacha. Nilirudi tena na tena, na siku moja akanishika mkono kabla sijakaa.

"Tafuta watu," alisema. "Lakini wanibebe nimekaa. Nisiingie kwangu nimelala."

Tulifunga kiti kwenye miti miwili, tukampandisha kwa zamu. Chini kidogo ya nyumba yake, migomba inapoanza, aliamuru tumshushe. Alisimama, akatembea. Hatua zilikuwa fupi na alipumzika kila baada ya chache, akijisingizia kwamba anatazama mashamba ya watu. Mama Nakunda alikuwa amesimama mlangoni. Hakumkimbilia, kwa maana alimjua mumewe, alimngoja mpaka akafika mwenyewe na kushika mwimo wa mlango. Nililia, na sioni haya kuliandika.

Alifika akiwa hai, na kwa miguu yake. Lakini msimu wa baridi ulikuwa unaingia, na baridi ileile aliyoililia miaka yote ndiyo iliyommaliza. Hakumaliza msimu.

Mimi nilistaafu bendera ikiwa imeshabadilika. Ninaishi Bombo na kifua changu ni kizima, bado napanda mwinuko wa kanisani bila kupumzika, na vijana wananisifu. Nawaambia msinisifu, lilikuwa jiko. Na nyinyi mnaopaka rangi, fungueni madirisha, vumbi liingie.

Nina migomba mingi. Mke wangu hutundika mikungu jikoni iivie ndani, kama watu wote wa huku wafanyavyo. Harufu ikishaanza kuwa tamu, mimi huichukua nikaitoa nje, mvua inyeshe isinyeshe. Ameshaacha kuniuliza.