Nafasi Nusu

Kaka yangu alianza kuumwa baada ya kung'olewa jino. Homa ilipanda na kushuka miezi mizima, kahawa ikakaukia mitini, naye akawa hawezi kukipanda kilima cha nyumbani kwetu Mbozi bila kuketi njiani. Mimi nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, kwa hiyo nilipewa kazi ya kuelewa.

Daktari wa hospitali yetu, mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni, alisema vijidudu vimeingia moyoni na kutafuna mlango wake mmoja wa kupitishia damu. Sindano zimeshindwa. Dar es Salaam wangeweza kumpasua, lakini nafasi yake ni nusu.

Mama hakushtuka. "Si neno, daktari. Atalala mzungu wa nne na mwenzake, kichwa huku, miguu kule. Huyu hana mateke."

Miaka ile kulala wawili kitanda kimoja hospitalini halikuwa jambo geni. Nikajitia kufafanua.

"Mama, si nafasi ya kitanda. Ni ya kupona. Wakipasuliwa watu kama yeye, nusu wanapona, nusu wanakufa."

"Watu wepi? Mimi nimeleta mmoja."

Daktari akaeleza anavyopima: umri, figo, pumzi, homa imekaa muda gani. Nikayageuza kwa Kinyiha, lugha niliyokuwa nimejisahaulisha kwa maringo ya usomi, na ile nusu ikanitoka kama "kipande".

"Kipande kipi kitarudi?" mama akauliza.

"Kinachokula ugali," kaka akajibu kutoka kwenye benchi, akihema.

"Na asipopasuliwa?" mama akaendelea.

Nilipotafsiri swali hilo, daktari alitikisa kichwa tu. Hapo hakuna aliyehitaji mkalimani. Mama akasema apasuliwe.

Stesheni ya Tunduma, tukingoja treni ya Dar es Salaam, tulimkuta mama mwingine, wa Itumba, akimsindikiza mwanawe kwa ugonjwa uleule. Alikuwa mchangamfu. Wao waliambiwa kijana ana nafasi nzuri: mdogo, figo nzima, hakucheleweshwa. Mama yangu alimpa hongera kwa sauti ndogo, kama mtu aliyenunua nguo yenye kasoro.

Kaka alirudi na kovu kifuani, akavuna kahawa ya msimu uliofuata. Yule kijana hakurudi.

Nilijaribu kumweleza mama kwamba daktari hakukosea, kwamba nafasi nzuri nayo ina watu wake wanaokufa. Nilipofika katikati niligundua kuwa ninajielezea mimi mwenyewe, na sielewi.

"Yule mama wa Itumba umemweleza hivyo?" akauliza.

Sikumweleza.

Hadi leo, kanisani mtu akisogea na kusema, "Karibu mama, nafasi ipo," yeye husimama kwanza.

"Nzuri au nusu?"

Watu hucheka. Wakimjibu nusu, ndipo anapoketi.