Mtumbwi wa Mtu Mmoja

Jina langu liache. Kosa ni langu, sikutumwa na mtu wala sikurogwa, na nimechoka kulibeba kimya kimya. Nakuambia wewe usiyenijua, maana wanaonijua sina uso wa kuwaambia.

Nilinunua mtumbwi. Najua utacheka. Mgogo wa Mkonze na mtumbwi, wapi na wapi! Hata wenzangu walinitania: "Ng'ombe wamekushinda, sasa unakwenda kuchunga kambale?" Lakini nilioa Bahi, nikahamia karibu na stesheni, na anayeijua Bahi anaijua mbuga yake. Kiangazi unaivuka kwa miguu, vumbi tupu. Mvua zikiwa nyingi inakuwa ziwa, na kwao mke wangu, kule ng'ambo, panabaki kama kisiwa. Ukitaka kuzunguka, ni mwendo wa kutwa nzima.

Baada ya vita vya Wazungu kwisha, tulipata mvua za kutosha na samaki wakajaa. Treni ikisimama, abiria wanagombea kambale mkavu madirishani. Nikasema na mimi niwe na chombo changu.

"Lete mkubwa," mke wangu aliniambia siku ninaondoka. "Wa watu wanne hivi. Mama naye awe anavuka, ule mguu wake mbovu haumruhusu kuzunguka."

Nikaitikia. Kuitikia hakuna kazi.

Fundi alikuwa mtu wa Ziwa Nyanza, aliyeshuka na treni na tezo yake, akaona maji, akabaki. Alikuwa na mitumbwi miwili tayari. Kwa ule mkubwa alitaka mtamba wa ng'ombe, kwa mdogo alitaka mbuzi. Wote nilikuwa nao zizini, kwa hiyo usinitetee kwa umaskini. Mimi ya mitumbwi siyajui, nikaikagua kama ninavyokagua madume mnadani: nikaipiga ubavuni, nikaizunguka, nikaiinua kwa nyuma. Mkubwa haukunyanyuka. Mdogo niliuburuta peke yangu mpaka majini, nikaupitisha kwenye matete, ukapita vizuri.

"Una watu wangapi?" fundi aliniuliza.

"Mimi na nyavu zangu."

"Nyavu nimeziona. Nimeuliza watu."

"Ndio hao," nikasema.

Sasa nikuambie kilichokuwa moyoni. Nilikuwa na jirani mwenye punda, na kila mwenye gunia lake alikuja kumwazima punda yule. Niliona mtumbwi mkubwa utanifanya hivyo hivyo, hasa kwa wakwe. Tena kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Ukikutana naye njiani unampisha, unainamisha macho, mnasalimiana kwa mbali. Nikajiona nimeketi naye goti kwa goti katikati ya maji, hakuna pa kumpisha. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa sababu nzuri, yenye heshima zake. Ya kweli ilikuwa uchoyo. Nilitaka kitu ambacho mtu hawezi kuniomba.

Nyumbani nilimwambia mke wangu, "Ndio pekee aliokuwa nao fundi."

Aliutazama, akapima upana kwa viganja. "Haya," akasema. "Labda mwakani."

Msimu ule nilifurahi, siongopi. Watu wakiniita kutoka ukingoni nanyanyua upondo wangu wa kusukumia, nawaambia ni wa mtu mmoja, na kweli wanaona ni wa mtu mmoja. Hakuna aliyenilaumu. Mara nyingi nilimwona mama mkwe ng'ambo amesimama na kikapu chake. "Mbukwa, mkwe," ananisalimu kwa mbali, naitika, anageuka kurudi nyumbani. Hakuniomba hata mara moja.

Mwaka wa pili mke wangu akapata mimba ya kwanza. Mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa kwao mke, kwa hiyo nilimpeleka mapema, kwa miguu, kabla mbuga haijajaa maji. Mvua za mwaka huo zilikuwa za kutisha. Asubuhi moja nilivuka kumjulia hali, nikakuta uchungu umemshika tangu jana na wanawake wamenyamaza. Mama mkwe alitoka nje. Aliongea huku ameupa mlango uso.

"Mtoto amelala vibaya. Apelekwe kwa mkunga wa misheni, kule stesheni."

Tukamlaza mtumbwini. Akaujaza wote. Mimi mwenyewe sikuwa na pa kusimama na upondo, ikabidi niingie majini nisukume. Mama mkwe akauangalia mtumbwi, akaniangalia mimi.

"Na mimi nitakaa wapi?"

Nikashika ukingo wa mtumbwi, macho chini.

"Hawezi kwenda bila mwanamke," akasema. "Akizaa njiani utafanya nini wewe?"

Akakaza kaniki yake kifuani, akaingia majini na ule mguu wake.

"Mama, baki," nikasema. Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kumwambia usoni. Akashika ukingo wa mtumbwi upande wa pili, mkono wake ukawa karibu na wangu. Zile heshima zote nilizojisingizia ziliishia hapo.

Maji yalikuwa ya kifuani, kwake yalifika mabegani, na yalikuwa baridi. Tope lilivuta miguu. Mke wangu uchungu ukimzidi anashika mkono wa mama yake, nasi tunasimama mpaka utulie, halafu tunasukuma tena. Katikati huko, mama mkwe alisema bila kunitazama:

"Mkwe. Yule fundi alikuwa na mkubwa?"

Ningeweza kudanganya tena. Sijui kwa nini sikudanganya, nadhani nilikuwa nimechoka.

"Alikuwa nao."

"Ulikuwa unauzwa?"

"Ulikuwa unauzwa."

Mke wangu alifumbua macho akanitazama. Mama mkwe akasema, "Sukuma."

Mkunga alimgeuza mtoto, akazaliwa hai, wa kike. Mama mkwe alingoja barazani na nguo zile zile zilizolowa, hakukubali kwenda kujianika mpaka alipomsikia mtoto akilia. Usiku wake akaanza kukohoa. Kifua kikambana, homa ikapanda, na dawa za misheni hazikufua dafu. Alimpakata mjukuu wake siku chache tu. Alikufa maji bado hayajapungua.

Ilibidi azikwe kwao. Tukamviringisha blanketi, nikamlaza mtumbwini, nikasukuma kurudi njia ile ile. Safari hii alienea. Ee Mungu wangu, alienea vizuri kabisa.

Mke wangu hajawahi kuniuliza habari ya ule mtumbwi. Ningependa anigombeze, anitukane mbele za watu, nijue limekwisha. Ananipikia, ananitengea maji ya kuoga, mtoto tumempa jina la bibi yake. Lakini tangu siku ile haniombi kitu. Hata chumvi ikiisha anakwenda kuazima kwa jirani kabla hajaniambia mimi.

Mwaka uliofuata nilimpelekea fundi mtamba. Mkubwa ulikuwa bado upo, umelala pale pale. Nikauleta nyumbani, nikauosha, nikatandika majani makavu mahali pa kuketi, nikamwambia mke wangu, "Panda, nikupeleke kaburini kwa mama." Akamfunga mtoto mgongoni, akasema, "Nenda tu, sisi tutafika." Wakazunguka kwa miguu. Mpaka leo wanazunguka. Mimi navusha watu wote wa Bahi, wagonjwa, wakwe, mpaka mbuzi wao, simkatalii mtu, nao wananisifu kwa moyo wangu mzuri. Sifa zile zinanichosha kuliko kusukuma.

Basi wewe unayekwenda kununua chombo chako cha kwanza, usijipime mwenyewe na nyavu zako. Wala usidanganywe na wepesi, kwamba unakiburuta peke yako. Ingia ukae, halafu mfikirie yule usiyependa kumbeba, umkalishe mbele yako. Kama hana nafasi, mrudishie fundi chombo chake. Siku ya shida huyo ndiye atakayeingia majini kwa ajili yako, na wewe utabaki na mtumbwi wenye nafasi ambayo watu wako hawaitaki tena.