Jiwe la Kilomita la Kamulanda

Watu wa Kasongo wakitaka kunikasirisha huniuliza swali moja: Olga mwanariadha, kwa nini siku ile hakukimbia? Huuliza wakiwa wamekaa sokoni mbele ya mafungu ya samaki wakavu, wala hawajawahi kupanda kilima hata kimoja cha Kabambare kwa miguu yao wenyewe. Mimi huwajibu vibaya. Nina ulimi mkali, kila mtu anajua, na wazazi wa wanafunzi wangu huniita Madamu Pilipili nikigeuza mgongo. Leo nitajibu vizuri, mara moja tu, kwa sababu jibu lenyewe linanigusa.

Naitwa Clémentine. Olga na mimi tunafundisha shule moja ya msingi upande wa Lusangi, mimi darasa la tano, yeye la tatu, pamoja na mazoezi ya viungo kwa shule nzima. Ni mtoto wa wakulima wa Kasongo, mrefu, miguu myembamba kama mchi. Alianza mbio akiwa mdogo kwa sababu shule yao ilikuwa mbali na fimbo ya wachelewaji ilikuwa mlangoni. Ana miaka thelathini na mitatu na hajaolewa. Ukimuuliza sababu atakwambia wanaume wote waliomfuata walichoka njiani.

Alikuwa na njia yake, na njia hiyo aliipenda kuliko kitu chochote. Inaanzia nyuma ya shule, inapita kati ya mihogo na mashimo yaliyoachwa na wachimba dhahabu, kisha inapanda kilima kirefu mpaka inakutana na njia ya zamani ya misafara. Ndiyo ile ambayo watu wa pwani walipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo kwa shingo, toka Kasongo kwenda Kabambare na mbele hadi ziwani. Wazee wa kwetu wakifika pale hawapigi mluzi. Mbele kidogo kuna hangari, ghala la pamba la wakati wa Wabelgiji. Paa limeanguka, lakini ndoano ya mzani bado iko ukutani, na babu yangu alichapwa chini yake kwa sababu gunia lake lilikuwa jepesi.

Ukiipita hangari unafika kwenye ukingo ambapo Olga alikuwa akisimama kuangalia. Alinipeleka mara moja. Nilimtukana njia nzima huku nikihema, kisha nikafika, nikayasahau matusi yote. Magharibi unaona tambarare ya Lualaba ikipotelea kwenye ukungu, mashariki vilima juu ya vilima, na chini moshi wa majiko ya watu. Nilimuuliza anatafuta nini huko. Akasema, "Hapa watu walipita kwa nguvu ya wengine. Miye napita juu napenda, sababu napenda tu."

Kwa miaka mingi aligeuzia hapo hapo. Kisha, miaka mitatu iliyopita, walimchagua kwenda kushindana Kindu kwenye sikukuu ya uhuru, tarehe thelathini Juni, mbio za wanawake, na akaona njia yake ni fupi. Akairefusha. Mwezi wa Mei, asubuhi moja, hakugeuka kwenye ukingo. Alishuka upande wa pili, kuelekea kijiji cha Kamulanda, nyumba kama sitini hivi kando ya kijito, mahali ambapo hakuna aliyemjua.

Kamulanda ilikuwa imechomwa moto mara mbili na watu wenye bunduki. Wapi kule mtu aliwahi kuona mwanamke mzima anakimbia bila kufukuzwa? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akina mama waliokuwa mashambani walimwona anashuka mbio, singleti nyekundu kifuani, nao hawakuuliza. Walitupa majembe na kukimbia. Waliokuwa nyumbani waliwaona wale wa mashambani, nao wakakimbia.

Olga alifika akakuta kijiji kitupu. Sufuria zilikuwa zinachemka, kuku wanazunguka, redio inaimba peke yake. Alidhani watu wote wamekwenda kwenye kilio. Aliketi kwenye kibaraza cha mtu akafunga upya kamba za viatu, akanywa maji kwenye mtungi, akaondoka. Ndiyo, akanywa maji. Alinisimulia hilo baadaye akijipiga mapaja kwa aibu.

Wakati yeye anafunga kamba, kijana mmoja aitwaye Roger alikuwa anavuka kijito kwenye gogo, mama yake mgongoni. Mama Régina alikuwa na nyonga mbovu, hakuweza kukimbia. Gogo lilikuwa na utelezi wa mvua ya usiku. Walianguka wote wawili, na Roger peke yake ndiye aliyetoka.

Habari ilitufikia siku ya tatu. Olga hakwenda Kindu. Alitaka kwenda Kamulanda kuomba msamaha, na mimi nikaenda naye, kwa sababu mtu haendi kwenye msiba aliousababisha akiwa peke yake. Tulipeleka mbuzi na mchele. Kapita, yaani mkuu wa kijiji, mzee mpole, alituketisha mbele ya watu wote. Roger alimwangalia mbuzi, akamwangalia Olga.

"Mbuzi sitaki," alisema. "Huyu mwanamuke ataendelea kupita hapa?"

Olga akajibu kwamba hatapita tena kamwe. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nilimhurumia rafiki yangu. Nilijua ukimnyang'anya Olga ile njia umemnyang'anya pumzi. Tena nilidhani mimi ni mwenye akili. Nikasimama nikasema kwamba watu wakimjua hawatamwogopa, kwamba apite, ila asikimbie ndani ya kijiji. Kule juu, mahali shamba la kwanza linapoanzia, kuna jiwe la kilomita la barabara ya zamani, namba yake imefutika. Nikasema: "Akifika ku ile jiwe, atembee. Toka jiwe mupaka mwisho wa nyumba, atembee polepole, mikono wazi. Akiwa na neno lolote, amwambie kapita kwanza, asipige kelele."

Kisha Roger akapiga makofi, taratibu, na wengine wakafuata. Nilirudi nyumbani nikijisifu njia nzima.

Na sheria yangu ilifanya kazi, hilo ndilo linaloniuma. Kila Jumanne na kila Jumamosi Olga alishuka, akafika kwenye jiwe, akatembea. Mwanzoni watoto walijificha, baadaye walimfuata wakiiga mwendo wake. Carine, mke wa Roger, binti mchangamfu wa Kabambare mjini, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsalimia. Alimwekea kikombe cha maji, cha bati, cha buluu, juu ya kinu kilichopinduliwa. Roger akiwepo aligeuza uso, lakini hakumkataza mkewe.

Ikawa mazoea, na mazoea yakawa alama. Mama mmoja wa Kamulanda aliniambia sokoni: "Tukiona Olga iko anatembea, tunajua juu ku kilima iko amani. Tunaenda ku mashamba." Niliposikia hivyo nilifurahi kama mtu aliyesifiwa mtoto wake.

Sasa nisikilizeni, ninyi wa kwenye mafungu ya samaki.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, jua limeshatoka. Olga alisimama kwenye ukingo kama kawaida yake. Chini, upande wa mashariki, aliona watu wanakuja kwa mstari mmoja kwenye mashamba ya zamani ya pamba. Labda thelathini. Wachimba dhahabu nao hutembea hivyo wakihama shimo, lakini wachimbaji hubeba makarai, masepetu na magodoro, na hawa hakuona wamebeba kitu kikubwa. Walikuwa mbali. Hakuona bunduki. Aliniapia, na ninamwamini, kwamba hakuona bunduki.

Alishuka kwa mbio ambazo Kindu wangempa medali. Alijua ana muda mfupi: wale watu walikuwa na njia ndefu kuzunguka bonde, yeye ana njia ya mkato. Kama angepita kijijini anapiga kelele, kijiji kizima kingekuwa msituni kabla hawajafika.

Alifika kwenye jiwe. "Miguu ilisimama yenyewe, Clémentine," aliniambia. "Sikuisimamisha." Akilini alimwona Mama Régina mgongoni mwa mwanawe. Akawaza: na kama ni wachimbaji? Na kama nikiua mwingine tena kwa ujinga? Tena aliahidi, mbele ya watu wote, na aliahidi kwa maneno yangu. Akiwa na neno lolote, amwambie kapita kwanza, asipige kelele. Basi akatembea.

Alitembea haraka, mikono wazi. Watu walimwona wakacheka naye. Mwanamume aliyekuwa amesimama na begi akisitasita kwenda shambani alilivaa begi akaenda. Carine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mbele ya nyumba.

"Da Olga, maji yako iko hapa," alisema.

"Kapita iko wapi?"

"Iko ku shamba, ngambo ya kijito. Kunywa kwanza. Mbona unatoka jasho hivi?"

Olga hakunywa, wala hakusema. Ndiyo jambo analolirudia mpaka leo, kwamba alimwangalia Carine machoni na hakusema. Alivuka gogo lile lile lililomuua Régina, akakazana kwenye njia ya shamba, na alikuwa ameshaiona kofia ya kapita kati ya mihogo, ameinua mkono kumwita. Risasi ya kwanza ikalia nyuma yake.

Watu saba waliuawa. Sitawataja wote, kila mmoja ana wake wa kumlilia. Carine alikutwa kando ya kinu, sombe ikiwa nusu imetwangwa. Roger alikuwa kwenye machimbo ya Lusangi siku hiyo, akitafuta hela ya mabati ya nyumba.

Nilikwenda kwenye mazishi na sikupata pa kuweka macho. Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi wangenitukana. Kapita alinishika mkono akasema maji yaliyomwagika hayazoleki, na mimi nilitaka kumwambia kwamba aliyeyamwaga ni mimi, lakini ulimi wangu mkali, ule unaojulikana mpaka Kasongo, ulikaa mdomoni kama kipande cha ubao.

Wiki tatu baadaye Roger alikuja shuleni wakati wa mapumziko. Tulikuwa tumeketi chini ya ukuta, Olga na mimi. Nilisimama ili niwe katikati yao, sijui nilitaka kuzuia nini. Roger alikuwa amekonda. Alikuwa na kikombe cha bati cha buluu mkononi, akakiweka kwenye mapaja ya Olga.

"Hii ni yako. Carine alikuwa anakuwekea," alisema. "Mama yangu alikufa juu ulikimbia. Muke wangu alikufa juu ulitembea. Miye sijue tena nikukataze nini."

Olga alikishika kikombe kwa mikono miwili, analia bila sauti. Roger akanigeukia. Nilingojea. Nilisema moyoni, sasa inakuja, na ni haki yake.

"Madamu," alisema, "ile siku ulisema atembee, wa kwanza kupiga makofi ni miye."

Akaondoka. Angenipiga kibao, kingeniuma kidogo kuliko maneno yale.

Siku hizi Olga anafundisha mazoezi bila mbio. Watoto wanainua mikono, wanachuchumaa, wanaruka papo hapo. Wakiomba kushindana mpaka kwenye bendera na kurudi, anasema jua ni kali, hata kama kuna mawingu.

Jumamosi iliyopita alivaa viatu vyake. Nilimwona akipita nyuma ya darasa, nikafurahi, nikasema afadhali, pumzi inarudi. Ilipofika saa sita hajarudi, nikaacha sufuria motoni nikamfuata. Nilipanda kile kilima kwa umri wangu na magoti yangu, nikaipita hangari, nikaupita ukingo bila kuangalia kitu. Nilimkuta huko chini, amesimama kando ya jiwe la kilomita. Alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi.

Kamulanda ilikuwa inaonekana yote. Watu wamerudi, nyumba chache zina majani mapya. Kwenye shamba la kwanza akina mama watatu walikuwa wameacha kulima. Walikuwa wameshika majembe, wanamwangalia Olga tu, wanangoja waone atafanya nini ili nao wajue la kufanya.

"Clémentine," aliniambia, bila kugeuka. "Toka hapa, niende namna gani?"

Mara ya kwanza nilikuwa na jibu kabla sijaulizwa. Safari hii nilimshika mkono, tukageuka tukapanda, si kwa mbio wala si polepole. Nilipotazama nyuma, wale akina mama walikuwa wameshaanza kukusanya watoto ili wakimbie.