Orodha ya Kocha
Naona haya kuwasimulia haya. Nilipoona jina la Kerubo, binti wa jirani yangu, kwenye karatasi ya kocha wa kuogelea ukutani na la Moraa wangu halipo, wivu ulinishika. Likizo nzima Moraa amekuwa akimshinda katika bwawa hili la hoteli mjini Kisii! Nikamvaa kocha mbele ya wazazi wote.

"Timu ya kupokezana unachagua kwa saa au kwa kujuana? Kerubo anaogelea kama mkungu wa ndizi!"

Kocha akashusha sauti. "Mama Moraa, hiyo ni orodha ya waogeleaji wa akiba. Wanne wenye kasi niliwatangaza asubuhi. Moraa ndiye atakayemalizia."

Nikageuka niondoke. Mama Kerubo alikuwa nyuma yangu, amenyoosha mkono kunipongeza.